Kabla Hujampa Mtoto Unga wa Bibi

Mwongozo huu nakuandikia wewe uliyepita kambi za Nyarugusu, Nakivale, Kakuma au Dadaab, ukapata nafasi ya kuhamia Marekani, na sasa una mtoto mdogo nyumbani na bibi anayezijua dawa. Kama kazi yako ni ukalimani au uhudumu wa afya katika jamii, utakufaa pia. Baadhi ya dawa tunazowalambisha watoto, vitu tunavyowapaka na hata udongo unaotafunwa na wajawazito huwa na risasi, aseniki au zebaki. Risasi yenyewe ni ile ya kwenye betri za magari, ile iliyowaumiza watu wa mtaa wa Owino Uhuru kule Mombasa. Ikishasagwa na kuchanganywa kwenye unga huwezi kuitambua kwa macho wala kwa pua.

Sisemi dawa zote za kienyeji ni sumu. Tangawizi na mchaichai hazina kesi hapa. Kesi ipo kwa vitu vichache, na vichache hivyo vinajulikana kwa sababu watoto wa wakimbizi wameshaumia navyo. Mwaka 1983, huko St. Paul katika jimbo la Minnesota, watoto wa Wahmong waliotoka Laos walikutwa na risasi mwilini. Ilitoka kwenye pay-loo-ah, unga wa rangi ya chungwa iliyokolea ambao wazazi waliwapa watoto wenye homa na vipele. Mwaka 2009 ikawa zamu ya Indiana. Watoto 197 wa wakimbizi kutoka Burma walipimwa, na 14 wakakutwa na risasi ya kiwango cha kutia wasiwasi. Wapimaji walipoingia majumbani walikuta dawa iitwayo Daw Tway, ambayo watoto wadogo hupewa kwa ajili ya tumbo. Ilikuwa na risasi mamia ya sehemu kwa milioni, na aseniki iliyofika maelfu.

Hebu itazame hiyo Daw Tway kidogo, maana ndiyo inayoonyesha mtego ulivyo. Risasi ikiingia mwilini humletea mtoto maumivu ya tumbo, humfunga choo, humkosesha hamu ya kula na kumfanya alielie bila sababu. Mama anaona tumbo linamsumbua mwanawe, anachukua dawa ya tumbo. Dawa ina risasi. Tumbo linazidi, naye anaongeza kijiko. Hapo hakuna uzembe wowote, kuna mama anayemuuguza mtoto wake kwa bidii, na bidii hiyo ndiyo inayoongeza sumu. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya mwongozo huu ni hii: dawa ya tumbo ikitolewa mara mbili tatu na tumbo lisitulie, usiongeze. Simamisha, na upeleke kliniki mtoto pamoja na dawa yenyewe.

Risasi ikiwa nyingi sana mwilini huleta degedege. Kwetu degedege ina maelezo yake na waganga wake, na wengi tumekua tukisikia kwamba ugonjwa huo haupelekwi hospitali. Ukiwa Marekani, piga 911 papo hapo, na wanaokuja kumchukua mtoto waambie kila alicholamba au kupakwa, hata kama hawajakuuliza.

Lakini usisubiri dalili. Watoto wengi wenye risasi kwenye damu wanacheza na kula kama wenzao. Madhara yanafanyika kwenye ubongo unaoendelea kukua: mtoto anachelewa kusema, hatulii darasani, kusoma kunamshinda. Mzazi ataambiwa ni lugha mpya, au ni mambo aliyoyaona vitani, na huenda ikawa kweli. Kipimo cha damu ndicho kitakachoamua.

Kwa nini hasa watoto wetu

Mtoto mdogo akimeza risasi, mwili wake unaweza kuchukua hadi nusu ya alichomeza. Mtu mzima huchukua kama sehemu moja kwa kumi. Mtoto mwenye upungufu wa madini ya chuma huchukua zaidi, kwa sababu utumbo unaotafuta chuma na kalisi huipokea risasi kana kwamba ndiyo unayoitafuta. Sasa mfikirie mtoto aliyekulia kambini kwa mgao wa mahindi na maharage, mgao wenyewe ukipunguzwa mara kwa mara, malaria ikimrudia. Damu yake ilikuwa pungufu kabla hajapanda ndege. Unga uleule ambao mtoto aliyeshiba vizuri angeumia nao kidogo, yeye unampiga sana.

Anapofika anakuta jambo jingine. Familia mpya hupangiwa nyumba za kodi ndogo, na nyingi za nyumba hizo zilijengwa kabla ya 1978, mwaka ambao Marekani ilipiga marufuku rangi zenye risasi majumbani. Rangi ikibanduka dirishani huwa vumbi, vumbi huwa mikononi, mikono huwa kinywani. Mwaka 2000, jimboni New Hampshire, mtoto wa miaka miwili wa familia ya wakimbizi kutoka Sudan alifariki kwa risasi. Ilitoka kwenye rangi kuukuu ya nyumba waliyopangishiwa, wala dawa ya bibi haikuhusika. Nalitaja hili kwa makusudi. Kuna wahudumu ambao wakisikia mtoto wa Kiafrika ana risasi, kwanza wanamtafuta mganga. Wakikujia hivyo, wajibu maswali yao, kisha uwaombe wakague na madirisha.

Vitu vya kukagua nyumbani

Anza na unga wowote uliotokana na jiwe au wenye rangi kali: mwekundu wa chungwa, wa njano, au wa kijivu unaometameta. Uweke kiganjani. Risasi ni nzito, na kijikaratasi kidogo kinachoelemea mkono kuliko ulivyotarajia kinatosha kukufanya uache kukitumia. Uzito si ushahidi kamili, na unga mwepesi usikupe imani, kwa sababu kiasi kidogo tu kikichanganywa na unga wa majani kinatosha kumdhuru mtoto. Wenye ndugu Oman na Falme za Kiarabu huenda wanaijua bint al-dhahab, ambayo watoto wachanga hupewa kwa ajili ya tumbo. Ni oksidi ya risasi. Huko Uarabuni pia kumekuwa na unga mwekundu unaoitwa santrinj, unaopakwa kwenye fizi za mtoto anayeota meno. Karibu wote ni risasi, na kazi yake hasa ni kupakwa kwenye vyuma kabla ya rangi ili visishike kutu. Yaani kitu cha dukani kwa fundi kimehamia kinywani mwa mtoto.

Wanja unatugusa zaidi. Watu wa Pwani, Wasomali na Waarabu huwapaka watoto wachanga wanja machoni au kwenye paji la uso, kwa uzuri na kwa kuwakinga na jicho la husuda. Waafghani na Wapakistani wana surma, Wanigeria wana tiro. Aghalabu wanja wa jiwe uliosagwa ni salfidi ya risasi. Mtoto mmoja mjini Boston, mwenye umri wa miezi sita tu, alikutwa na risasi kwenye damu, na tiro aliyokuwa akipakwa ilipopimwa ilikuwa risasi kwa asilimia 82.6. Mtoto hujifuta macho, kisha hunyonya vidole. Usiutegemee mwandiko wa kwenye kichupa unaosema wanja hauna risasi, kwa kuwa vichupa vya aina hiyo vimepimwa vikakutwa nayo. Sheria ya Marekani haiuruhusu kabisa wanja wa aina hii katika vipodozi, ingawa hilo halizuii kuuzwa kwenye maduka yetu. Kwa hili sina njia ya kati ya kukupa: usimpake mtoto.

Kama hofu yenu ni jicho, msomeeni dua, au mfungeni uzi mweusi pale asipoweza kuufikisha mdomoni. Hirizi yenye shanga au kidude cha metali muwe nayo macho. Mjini New York, mwaka 2009, mtoto wa familia yenye asili ya Kambodia alipata risasi kutokana na hirizi aliyokuwa akiitafuna. Shanga zake zilikuwa karibu nusu risasi.

Udongo wa wajawazito nao uko kwenye orodha. Pemba, yaani udongo huo, inauzwa sokoni Kigoma, Bukavu na Kampala, na siku hizi inafika hadi kwenye maduka ya Waafrika huko Marekani ikiwa imefungwa kwenye mfuko wa nailoni. Wengine huilainisha kwa maji wakamlambisha mtoto anayeharisha. Udongo hubeba kilichomo kwenye ardhi ulikochimbwa. Watafiti waliopima udongo unaoliwa na wajawazito wa Geita, kwenye maeneo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu, walikuta metali zenye sumu, aseniki ikiwamo. Risasi anayoila mama humfikia mtoto tumboni, na nyingine hujificha kwenye mifupa ya mama kwa miaka mingi, kisha hurudi kwenye damu anapopata mimba nyingine. Hamu ya udongo mara nyingi huja pamoja na upungufu wa damu, kwa hiyo mwambie mkunga bila haya kwamba unautamani. Vidonge vya chuma huweza kuipunguza hamu hiyo.

Mkorogo si dawa ya mtoto, lakini zebaki iliyomo kwenye baadhi ya krimu za kung'arisha ngozi hubaki kwenye viganja vya mama, mito na taulo, na mtoto huipata hapo hapo. Vidole vya mtoto vikiwa vyekundu na kumuuma, akatokwa na jasho jingi na kukosa usingizi, krimu yako itajwe kliniki.

Na sufuria. Kule Seattle, wahudumu waliofuatilia risasi kwa watoto wa wakimbizi wa Afghanistan walizipima sufuria za alumini ambazo familia hizo zilikuja nazo, wakakuta zinatoa risasi kwenye chakula. Sufuria za mafundi wa kwetu hutengenezwa vilevile, kwa vyuma chakavu vilivyoyeyushwa, vikiwemo vipande vya injini na rejeta, na baadhi ya zile zilizokusanywa Kenya na Tanzania kwa ajili ya utafiti kama huo zilionyesha tatizo hilohilo. Kinachotiwa nyanya, ndimu au ukwaju huchota risasi zaidi. Kama umebeba sufuria ya ukumbusho kutoka nyumbani, iweke rafuni. Ya kupikia chakula cha mtoto iwe ya chuma kisichoshika kutu.

Swali moja huulizwa kila mara: nikiichemsha sana? Kuchemsha huua vijidudu. Metali haifi, na maji yakipungua kwenye sufuria kinachobaki kinazidi kuwa kikali.

Namna ya kumuuliza mkubwa

Ukimwuliza mama mkwe wako, "Mnatumia dawa za kienyeji?" atakujibu hapana, na hatakuwa amekudanganya. Kwake wanja ni pambo na kinga. Pemba ni kitu cha kutafuna. Unga wa fizi ni jambo ambalo kila mtoto hufanyiwa, kama kuogeshwa. Mkalimani anayelitafsiri swali la daktari neno kwa neno hurudi na hapana hiyo, daktari anaiandika, na mtoto anarudi nyumbani kwenye unga uleule. Isitoshe, wengi wetu tumeshakaripiwa na wauguzi kwa sababu ya mitishamba, tukajifunza kunyamaza mbele ya koti jeupe.

Uliza kwa kufuata shida, siyo kwa kufuata dawa. "Shikamoo mama. Huyu mjukuu wako alipokuwa halali usiku, mlimfanyia nini?" Kisha nyamaza umpe nafasi. "Fizi zilipomuwasha mlimpaka nini? Na kinga ya jicho, amefanyiwa?" Ukiwa ugenini kwa kazi yako, usianze na maswali haya kabla hujakaa, hujapokea maji na hujauliza habari za waliobaki nyumbani. Likitajwa jina la dawa, usikunje uso. Sema, "Naomba niione." Ukishaiona, uliza ilitoka wapi: ilinunuliwa duka gani, au ililetwa na mgeni gani. Dawa ileile ya zamani inaweza kuwa imebadilika. Marehemu nyanya aliichimba mwenyewe mahali alipopajua, ya sasa imepita mikononi mwa wauzaji watatu, na katikati mmoja ameitia rangi ili ing'ae. Mweleze bibi hivyo, maana ni kweli, na heshima yake inabaki palepale.

Mtoto wako anayejua Kiingereza asifanywe mkalimani wa jambo hili. Hatayasema ya bibi mbele ya daktari. Kliniki zinazopokea fedha za serikali ya Marekani zinapaswa kukupatia mkalimani bila malipo, hivyo mwombe, na utaje kama Kiswahili chako ni cha Kongo.

Kipimo

Mkimbizi mwenye umri wa miezi 6 hadi miaka 16 anatakiwa apimwe risasi ndani ya siku 90 tangu afike. Wenye miaka 6 kushuka chini hupimwa tena miezi mitatu hadi sita baadaye, hata kama kipimo cha kwanza kilikuwa kizuri. Hicho cha pili ndicho kinachosahauliwa. Kipimo cha kwanza kinaonyesha alichokuja nacho, cha pili kinaonyesha alichokikuta: nyumba kuukuu, au kifurushi kilichofika kutoka nyumbani. Kama hukuitwa, piga simu ukakidai. Mama mjamzito au anayenyonyesha naye anafaa kupimwa.

Mara nyingi huanza na tone la damu kidoleni. Mwoshe mtoto mikono kwa sabuni kwanza, kwa sababu vumbi la kidole laweza kukipandisha kipimo bure. Kikitoka juu, damu huchukuliwa kwenye mshipa ili kuhakikisha. Namba utakayoisikia ni ya mikrogramu kwa desilita. Kuanzia 3.5, kipimo cha Marekani tangu 2021, mtoto hufuatiliwa na chanzo hutafutwa. Ikifika 45 huanzishiwa dawa ya kuitoa risasi mwilini. Hakuna namba inayoitwa salama.

Sasa sikia hili, maana hata wahudumu hupitiwa nalo: kipimo cha risasi hakionyeshi aseniki wala zebaki ya krimu. Hizo mbili hutafutwa kwenye mkojo, na daktari hataagiza kipimo ambacho hajui kwa nini akitafute. Ndiyo sababu nakuomba ubebe unga wenyewe, na karatasi au kichupa chake, ukiwa umeutia kwenye mfuko unaofungika. Ikibidi mkojo upimwe aseniki, uliza kama mtoto aache samaki wa baharini kwa siku chache kabla, kwa kuwa wana aseniki ya aina isiyodhuru inayovuruga majibu. Unga wenyewe idara ya afya ya eneo lako inaweza kuupeleka maabara. Vile vijiti vya dukani vinavyobadilika rangi vilitengenezwa kwa rangi za kuta, visikudanganye. Aliyebaki Tanzania anaweza kuuliza kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, ambaye maabara yake hupima dawa za asili.

Akikutwa nayo

Kazi kubwa ya tiba ni kukata chanzo. Risasi ya kwenye damu hupungua nusu kwa takriban mwezi mmoja ikiwa hakuna nyingine inayoingia, ila kwa mtoto aliyeila muda mrefu hushuka taratibu, kwa sababu mifupa inaendelea kuirudisha. Usikate tamaa namba ikisuasua. Ikipanda, kuna kitu bado kinaingia, na mara nyingi kiko kwa ndugu anayemlea mtoto mchana.

Dawa ya watoto wenye kiwango cha juu inaitwa succimer. Ni kapsuli inayoweza kufunguliwa na kunyunyiziwa kwenye chakula laini, nayo inanuka kama yai viza. Wazazi wengi wakiisikia harufu hiyo hudhani imeharibika na kuitupa. Haijaharibika. Mtoto apewe yote kwa siku zilizoandikwa, akiwa mahali ambapo chanzo kimeshaondolewa. Usiagize mtandaoni dawa yoyote inayodai kusafisha metali mwilini.

Chakula hakiitoi risasi, lakini kinaifungia mlango. Mpe dagaa wanaoliwa na mifupa yao, maharage, sombe na maziwa, na chungwa pembeni ili chuma kipokewe vizuri. Asikae na njaa muda mrefu, kwa kuwa tumbo tupu hunyonya risasi zaidi.

Ukiwa na swali usiku, kituo cha sumu cha Marekani kinapokea simu saa zote bila malipo kwa namba 1-800-222-1222. Taja neno Swahili, utaunganishwa na mkalimani.

Unga uliobaki baada ya kupimwa usiumwage kwenye sinki wala bustanini, na usiuchome. Ufunge mifuko miwili, uuweke juu ambako mtoto hafiki, kisha uiulize idara ya afya wapi pa kuupeleka. Meza ambapo unga ulikuwa ukipimwa kwa kijiko ipanguswe kwa kitambaa kibichi chenye sabuni, na kitambaa hicho kitupwe.